Micro Four Thirds na watengenezaji wa lenzi: nani bado yuko nasi?

Kampuni ya lenzi ikitoa tangazo jipya, mimi huanza kulisoma kutoka chini. Idadi ya vioo, mipako, aina ya mota na lile jina refu lenye herufi nyingi kuliko maneno, hayo yote yanaweza kusubiri. Ninachotafuta ni mstari unaotaja maunti, yaani aina ya kiungo ambacho lenzi hufungiwa kwenye kamera: itapatikana kwa Sony E, kwa Leica L, kwa Fujifilm X, na siku hizi kwa Canon RF pia. Halafu nukta. Na miaka hii nukta huwekwa kabla jina letu halijafika.

Nikisema "letu" ninamaanisha Micro Four Thirds, mfumo wa kamera ulioanzishwa na Olympus na Panasonic mwaka 2008. Mimi hupiga wadudu kwa karibu sana na ndege kwa mbali sana, hasa mdiria, ambaye ni ndege wa kukutia wazimu kwa sababu anakaa tuli nusu saa kisha anapotea ukiwa unajikuna. Kwa kazi hizo mbili sensa ndogo ya mfumo huu, ile sehemu ya kamera inayopokea picha, haijawahi kuniudhi. Kinachoniudhi ni swali ninaloulizwa kila mtu akiona begi langu lilivyo dogo: mbona Sigma na Tamron, wale wanaotengeneza lenzi za kamera za kampuni nyingine, hawawatengenezei tena lenzi? Mfumo si unakufa?

Jibu langu si fupi, ndiyo maana nimeamua kuliandika.

Nianze na enzi ambazo hatukuwa tunaachwa. Maunti hii haikuwa ya kampuni moja tangu siku ya kwanza. Ilikuwa kanuni ya pamoja, na kampuni yoyote iliyotaka kujiunga ilipewa maelezo ya jinsi lenzi na mwili wa kamera vinavyozungumza. Wakaja wengi. Cosina wa Japani, wenye jina la Voigtländer, walileta 25mm f/0.95 (milimita ni urefu wa fokasi, na f ni uwazi: namba ikiwa ndogo, mwanga huingia mwingi), kisha wakaongeza 17.5mm, 42.5mm na 10.5mm, zote f/0.95. Sigma walikuja mwaka 2012 na 19mm na 30mm f/2.8, halafu 60mm f/2.8 mwaka uliofuata, lenzi tatu nyembamba ambazo watu walizisifu kuliko bei yake. Tamron walileta 14-150mm mwaka 2014. Blackmagic wakaweka maunti hiyo kwenye kamera zao ndogo za sinema. Mwaka 2015 DJI wakaifunga kwenye droni ya Inspire 1. Ukisoma orodha ya wanachama wakati huo ungedhani dunia nzima inahamia kwetu.

Sasa tazama nani alirudi mara ya pili. Tamron hawakurudi, ile 14-150mm ndiyo ya kwanza na ya mwisho. Blackmagic walitumia maunti yetu kwenye Pocket 4K ya 2018, lakini kamera yao ya 6K ya mwaka uliofuata ikachukua Canon EF, na ile ya fulufremu (yenye sensa kubwa, sawa na fremu ya filamu ya 35mm) ya 2023 ikachukua L. Sigma ndio waliorudi kwa nguvu, kwa 30mm f/1.4, 16mm f/1.4 na 56mm f/1.4 kati ya 2016 na 2018. Baada ya hapo kimya. Walitoa 18-50mm f/2.8, 10-18mm f/2.8, 23mm f/1.4, na mwaka 2025 17-40mm f/1.8 pamoja na 12mm f/1.4. Hakuna hata moja iliyokuja kwetu.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyoniuma. Kwa asiyejua hesabu zetu: upande mrefu wa sensa yetu ni mm 17.3 na mfupi ni mm 13, hivyo ulalo wake ni nusu ya ule wa fulufremu. Lenzi yoyote ukiifunga kwetu huona eneo jembamba, kana kwamba urefu wake umezidishwa mara mbili. Kwa hiyo 12mm kwetu ni 24mm ya wengine, upana ambao mpiga picha wa habari, wa majengo na wa safari wote wanautaka. Lenzi ya 12mm f/1.4, ndogo, yenye otofokasi, tayari imechorwa, tayari inatoka kiwandani. Walichohitaji ni kuibadilishia mkia. Hawakuibadilishia.

Watu hukimbilia kusema Sigma wanatudharau. Mimi sidhani dharau inahusika. Angalia foleni iliyokuwa mbele yao. Mwaka 2010 chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, CIPA, kilihesabu zaidi ya kamera milioni 120 za dijitali zilizosafirishwa. Mwaka 2023 hazikufika milioni 8. Nyingi zilizopotea ni zile za mfukoni zilizomezwa na simu, lakini pesa iliyokuwa ikizunguka ilipungua kwa kila mtu, na wahandisi wa lenzi hawakuongezeka. Wakati huohuo milango iliyokuwa imefungwa ikaanza kufunguka. Sony walikuwa wameshatoa maelezo ya maunti ya E bila malipo tangu 2011. Fujifilm wakafungua X, Tamron wakaingia 2021 na Sigma 2022. Nikon Z ikafuata, kisha mwaka 2024 Canon wakaruhusu lenzi za Sigma na Tamron kwa kamera zao za RF zenye sensa ya APS-C, iliyo ndogo kuliko fulufremu na kubwa kuliko yetu. Kila mlango uliofunguka una wateja waliokuwa wakisubiri kwa hamu na njaa. Ukiwa na wahandisi wachache na saa chache, utaenda kwa nani kwanza: kwa mwenye Canon ambaye hana chochote, au kwangu mimi ambaye kabati langu la lenzi limejaa?

Maana hilo nalo ni kweli, na wenzangu hawapendi kulisikia. Tulishiba mapema. Mpaka 2016 Olympus walikuwa wameshatoa 12-40mm f/2.8, 40-150mm f/2.8, 7-14mm f/2.8, 300mm f/4 na 12-100mm f/4. Panasonic walikuwa na zao zinazofanana, baadhi zikiwa na jina la Leica juu yake. Mtengenezaji wa nje hupenda kukaa kwenye pengo: mwenye mfumo hajatengeneza lenzi fulani, au ametengeneza na kuiuza bei ya kuumiza. Kwetu mapengo yalikuwa machache.

Ila kuna sababu nyingine ambayo naona haizungumzwi vya kutosha, nayo ni ya kioo chenyewe.

Kampuni za nje leo zinapata faida kwa kuchora lenzi moja na kuiuza kwenye maunti nne au tano. Mchoro huo huanzia kwenye fulufremu au APS-C, kwa sababu huko ndiko wanunuzi waliko. Kuuleta kwenye sensa ndogo ni sawa na kumkatia mtoto koti la baba yake: mikono unaweza kuifupisha, mabega yatabaki ya baba. Chukua zumu ya kawaida kabisa ya 24-70mm. Kwenye fulufremu ndiyo lenzi ya kila siku. Ifunge kwetu, inakuwa kama 48-140mm. Haina upana wa kupigia chumba, na si ndefu kiasi cha kufikia ndege. Ni lenzi ya nani hiyo? Sasa chukua 150-600mm. Kwetu inakuwa kama 300-1200mm, na mpiga ndege anaamka usingizini.

Hesabu hiyo rahisi ndiyo inayoeleza karibu kila kitu kilichotufikia kutoka nje kwa miaka ya karibuni. Lenzi ndefu za wengine zinahamia kwetu vizuri. Lenzi pana na zumu za kawaida hazihamii, lazima zichorwe upya kwa ajili yetu peke yetu, na karibu hakuna mtu wa nje aliye tayari kulipia mchoro huo.

Kwa lenzi ndefu, mfano unaojulikana ni M.Zuiko 150-600mm f/5-6.3 ya Januari 2024, kutoka OM, kampuni iliyorithi kamera za Olympus. Siku ile ilipotoka watu waliweka mchoro wake wa vioo kando ya ule wa Sigma 150-600mm DG DN Sports, lenzi ya fulufremu, wakaona ndugu wawili. Kelele zikaanza. Kilo mbili na zaidi kwenye mfumo uliojitangaza kwa wepesi! Zilikuwa zimeshapigwa kelele kama hizo mwaka 2020 kwa 100-400mm, nayo ilifanana sana na Sigma ya jina hilohilo. Mimi nimeishika hiyo 150-600mm na kuitumia kwa kuazima, na hukumu yangu ni mchanganyiko. Ni lenzi nzuri. Utulivu wake, yaani kinga dhidi ya mtikisiko wa mkono, unashirikiana na ule wa sensa kwenye mwili wa kamera yao ya OM-1, jambo ambalo kwa mwono mwembamba kama huo si anasa, ndilo linaloamua kama utamweka ndege ndani ya fremu au utabaki unapiga majani. Lakini sehemu kubwa ya uzito ule ni kioo kinachomulika eneo ambalo sensa yangu haipo. Unabeba mwanga wa kumwagia ukutani. Nikairudisha, nikabaki na 300mm f/4 yangu, ambayo ina kilo moja na robo hivi na ilichorwa kwa ajili ya sensa hii na si nyingine.

Upande wa pili, ule wa lenzi zilizotoka APS-C, tofauti inaonekana hata bila kupiga picha. Sigma 16mm f/1.4 ina gramu 400 hivi. Panasonic Leica 15mm f/1.7 ina gramu 115. Sigma inakupa mwanga zaidi kwa kama nusu stopu (stopu moja ni mwanga mara mbili), na ni kali sana, sibishi. Ila ni ndefu kama chupa, na imeundwa kumulika duara la sensa kubwa kuliko yangu. Mtu aliyenunua mfumo mdogo kwa sababu ya udogo atachukua ipi? Najua wengi waliochukua Sigma kwa bei, na nawaelewa. Halafu kuna urefu wenyewe: 16, 30 na 56 kwenye APS-C ni 24, 45 na 84, vipimo vya kitabuni. Kwetu vinakuwa 32, 60 na 112. Unaweza kuvizoea. Mimi 56mm niliipenda sana kwa picha za watu kwa miaka, ingawa kila mara nilikuwa narudi nyuma hatua mbili zaidi ya nilivyotaka.

Na kuna suala la ukali. Sensa yetu ya megapikseli 20 ina vijipikseli vilivyobanana kama vile fulufremu ingekuwa na karibu megapikseli 80. Maana yake kila milimita ya kioo inatakiwa kuchora maelezo mengi kuliko lenzi ya fulufremu inavyodaiwa na wateja wake wa kawaida. Lenzi ya Micro Four Thirds iliyochorwa vizuri hufanya hivyo kwa sababu ina eneo dogo la kuhangaikia. Lenzi iliyohamishwa inaweza kufanya hivyo pia ikiwa ni nzuri mno, na si zote zilizo nzuri mno.

(Sitaingia kwenye ule ugomvi wa kwamba f/2.8 yetu "si f/2.8 ya kweli". Kwa kasi ya shata ni f/2.8. Kwa ukungu wa nyuma na kwa jumla ya mwanga unaoifikia sensa nzima, ni kama f/5.6 ya fulufremu. Zote mbili ni kweli, na kwa anayepiga nzi kwa karibu, akililia kina cha fokasi kama ninavyolilia mimi, hiyo "hasara" ni zawadi.)

Kwa hiyo nani amebaki nasi? Wamebaki watu wa lenzi za mkono, zile unazozifokasi mwenyewe bila mota, hasa wale wa China. Laowa, TTArtisan na 7Artisans wanaendelea kuweka maunti yetu kwenye matangazo yao, na Cosina walituletea 29mm f/0.8 na 60mm f/0.95 mwaka 2020. Sababu ya uaminifu wao haina mapenzi makubwa ndani yake. Lenzi isiyo na mota wala lugha ya kuzungumza na kamera ni bomba la chuma lenye vioo. Umbali kutoka maunti yetu hadi sensa ni mm 19.25, mfupi vya kutosha, hivyo kwa mchoro mmoja unabadilisha kipande cha nyuma na kazi imekwisha. Hakuna programu ya ndani ya kusasisha kamera mpya ikitoka, hakuna malalamiko ya otofokasi.

Laowa ninawaweka pembeni ya hao wengine, kwa sababu wamefanya kile ninachokililia: wamechora kwa ajili yetu. 7.5mm f/2 yao ni kitu kidogo cha ajabu, upana wa 15mm ya fulufremu kwenye kiganja. 10mm f/2 inafungua na kufunga apecha, lile tundu la kupitisha mwanga, kwa umeme. Na 50mm f/2.8 makro yao, ambayo ninayo, inakuza mara mbili: upande mrefu wa fremu unabeba kitu kisichofika mm 9. Kichwa cha nzi kinajaa. Fokasi ni ya mkono, na kwa makro hiyo si adhabu, kwani hata ukiwa na otofokasi utaishia kuyumba mbele na nyuma kwa mwili wako.

Adhabu inakuja mahali pengine. Kamera yangu inaweza kupiga mfululizo wa picha huku yenyewe ikisogeza fokasi kidogo kidogo, kisha ikaziunganisha ziwe picha moja iliyo wazi kuanzia pembe ya mdudu hadi mkia. Kwa lenzi ya mkono kipengele hicho kinalala. Ile kasi ya fremu 50 kwa sekunde ikiwa na otofokasi ya kufuatilia kwenye OM-1 nayo ina orodha yake maalumu ya lenzi, na orodha hiyo haina mgeni. Hapa ndipo neno "mfumo wazi" linapoanza kuchechemea. Hata waasisi wawili hawakufunguliana milango yote: lenzi ya Panasonic yenye utulivu wa ndani haishirikiani na utulivu wa mwili wa Olympus jinsi inavyoshirikiana na mwili wa Panasonic, na pete ya apecha kwenye ile 15mm ya Leica huizungusha bure ukiifunga kwenye kamera yangu. Kama wenye nyumba wenyewe wamegawana vyumba, mpangaji atapewa nini?

Hapa nifike kwenye jambo ninaloliamini kuliko mengine yote niliyoandika. Hakuna mfumo mdogo uliokufa kwa kukosa Sigma, wala uliookolewa na Sigma. Canon EOS M ilianza 2012, ikapata zile lenzi tatu za f/1.4 tunazozijua, watu wakazinunua, na Canon wenyewe wakaiacha baada ya kuleta kamera za RF zenye sensa ya APS-C mwaka 2022. Mwenye nyumba alihama, wageni wakabaki sebuleni. Nikon 1, iliyokuwa na sensa ndogo kuliko yetu, iliishi tangu 2011 hadi ilipofungwa 2018, na Nikon hawakuwahi kuipa lenzi za kumfanya mpiga picha makini aione kama kamera yake kuu. Samsung NX ilikuwa na lenzi nzuri na sensa ya kisasa kwa wakati wake, kisha kampuni ikaondoka sokoni.

Sasa mtazame Fujifilm. Maunti ya X ilianza 2012 na X-Pro1. Kwa karibu miaka tisa haikuwa na lenzi hata moja ya Sigma wala Tamron. Zeiss walileta lenzi zao tatu za Touit, na wengine wakaleta hasa za mkono. Je, mfumo ulikufa? Fujifilm walikaa chini wakatengeneza lenzi mwaka baada ya mwaka, na walipofungua mlango, wale wa nje walikuja wakikimbia kwa sababu tayari kulikuwa na umati ndani.

Kwa hiyo swali la kwanza la mtu wa Micro Four Thirds halipaswi kuwa Sigma wanafikiri nini. Liwe hili: Panasonic na OM wanachora nini?

Panasonic wananipa wasiwasi. Tangu Septemba 2018 walipoungana na Leica na Sigma kwenye maunti ya L, moyo wao wa lenzi uko huko. Lenzi ya mwisho ya kwao ninayoweza kuiita mpya kwelikweli kwa mfumo wetu ni Leica 9mm f/1.7 ya 2022, gramu 130, na ni kati ya lenzi ninazozipenda kuliko zote. Baada yake nimeona zaidi matoleo ya pili na majina mapya kwenye vioo vya zamani. Kamera bado wanatoa, GH7 ya 2024 ni mashine ya video ya kuheshimika. Ila G9 II ya 2023 ilikuja ndani ya mwili ambao kwa macho ni uleule wa S5 II ya fulufremu. Naelewa kiwanda kinavyookoa gharama. Lakini kampuni hiyohiyo mwaka 2013 ilitupa GM1, kamera ya gramu 204 pamoja na betri. Kampuni ikisahau kwa nini sensa ni ndogo, haitachora lenzi ndogo.

OM Digital Solutions wako katika hali tofauti. Olympus walipouza kitengo chao cha kamera kwa mfuko wa uwekezaji wa Japan Industrial Partners, na kampuni mpya ikaanza kazi Januari 2021, wengi tuliandika wasifu wa marehemu mapema. Wao hawana maunti nyingine ya kukimbilia. Wakiacha hii, wanafunga duka. Na kwenye lenzi wametenda mambo mawili kwa wakati mmoja: kuazima na kuchora. 90mm f/3.5 makro ya 2023 haikuazimwa popote, maana hakuna mahali pa kuiazima. Inakuza mara mbili kwa otofokasi, na ukiweka kiongezi cha mara mbili inafika mara nne, na lenzi yenyewe haifiki nusu kilo. Kwa mtu wa wadudu hiyo peke yake ni sababu ya kubaki. Septemba 2025 wakaleta 50-200mm f/2.8, mwono wa 100-400mm kwa f/2.8 muda wote, kwa uzito unaozidi kilo moja kidogo tu. Hilo ni koti lililoshonwa kwa mwili wake. Hata ile 100-400mm iliyolalamikiwa ilipata toleo la pili mwaka 2025, safari hii utulivu wake ukishirikiana na wa sensa.

Wakati huohuo walipoitoa kamera ya OM-3, waliichagulia 17mm f/1.8 na 25mm f/1.8 za toleo la pili. Vioo ni vilevile vya zamani, ila sasa vina muhuri wa kuzuia maji. Wapo waliocheka. Mimi sikucheka, kwa sababu lenzi hizo ndogo ndizo sura ya mfumo huu, na mtu anayerudi kuzigusa baada ya miaka mingi anakiri kwamba bado anategemea kuziuza.

Anayeniuliza leo kama anunue, huwa namuuliza anataka kupiga nini. Akisema ndege, wadudu, milima, kusafiri na begi moja, namwambia anunue bila kuangalia nyuma, lenzi za kazi yake zipo tayari, na nyingine zinaongezwa na mwenye mfumo mwenyewe. Akisema harusi usiku, au kwamba anapenda kungoja zumu mpya ya bei nafuu kutoka Sigma na Tamron kila mwaka, namwelekeza Sony E au Fujifilm X na hatununiani. Akisema video, namwambia aangalie Panasonic wanatangaza nini kwenye L kabla hajatoa pesa.

Mimi mwenyewe nimeacha kutegemea mstari wa maunti kwenye matangazo ya Sigma, ingawa bado nausoma. Orodha ninayoifuatilia ni ya OM, na ni fupi: 12mm f/2 ya 2011, 45mm f/1.8 ya mwaka huohuo, na 75mm f/1.8 ya 2012. Hadi ninapoandika hazijapata muhuri wa maji wala toleo la pili. Ya 12mm ndiyo ningependa itangulie, na safari hii ningefurahi ikichorwa upya kabisa, f/1.4, chini ya gramu 200.